Jina Langu, Mkono wa Mtu Mwingine

Bula Pesa, Isiolo
Jumapili, 19 Januari 2025

Wamucii,

Habari ya shule mpya? Sisi huku tuko salama, ila joto.

Barua hii nimeianza mara tatu. Unanijua, mimi hata kuandika naona haya. Huko kwenu simu hairuhusiwi, na kusema kweli nimefurahi, maana kwenye simu ningesema "sawa, sawa" halafu nikate. Karatasi hainiangalii usoni. Bahasha nampa baba yako dukani, akuletee akija kukutembelea. Nimeifunga kwa gundi ya duka lenu lenyewe, kwa hivyo akiifungua utajua.

Nina swali moja tu. Rekodi yetu imefika wapi?

Ni mwezi mzima sasa tangu uondoke na ile flashi kumpelekea Bwana Mathenge wa studio. Sitaki kujifanya sijali. Najali kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Mimi ni yule ambaye mwalimu akiuliza swali nainamisha kichwa hata kama jibu ninalo. Kwenye kwaya nafungua mdomo tu. Lakini zile siku nne za Desemba kwenye ukumbi wa kanisa, magodoro ya nyumba tano yamesimamishwa kati ya piano yako na fidla yangu ili maikrofoni zisiibiane sauti, Lowoi kwenye mashine yake ya kurekodi anatunyamazisha kwa mkono kila muadhini akianza, na sisi tunangoja amalize ndipo turudi mwanzo wa ukurasa: siku hizo nilikuwa naongea, Wamucii. Nilisema yote niliyo nayo. Njia nyingine ya kuyasema sijui.

Madam Kinya wa muziki anauliza kila wiki. Hata pasta anauliza, ingawa bado hajakubali kwamba "muziki wa Kimapenzi" ni jina tu la enzi, la Ulaya miaka ya elfu moja mia nane na kitu. Si ulimwona? Sehemu yote ya pili ya sonata yetu alisimama mlangoni akingoja mapenzi yatokee ayafukuze.

Piano ya kanisa imeshuka tena. Madam aliipima jana, iko nusu toni kamili chini. Nimelegeza nyuzi zangu kuifuata, kama kawaida yetu. Nilimwuliza kwa nini tusiikaze piano. Akasema, "Hiyo ina nyuzi mia mbili na zaidi, zote nyanya wazee. Tukizikaza zitakatika. Wewe una nne. Nani amfuate mwenzake?"

Nijibu.

Peris


Nairobi
2 Februari 2025

Niaje Peris!

Barua yako nimeisoma chooni, ndipo mahali pekee pa kusomea kitu chako hapa. Matroni ana macho ya nyuma. Chakula ni githeri, kesho mahindi na maharagwe hayo hayo, keshokutwa tena.

Sasa sikia, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Bwana Mathenge ameipenda sana hadithi yetu. Aliniambia wazi, "Wasichana wawili, Isiolo, sonata! Hii itaenda mbali." Albamu ni ya vijana wa nchi nzima lakini sisi ndio tutafungua. Itatoka katikati ya mwezi huu. Aliomba picha yako yenye shanga, mama yako akamtumia ile ya harusi ya binamu yako. Najua ungetaka ile ya sare ya shule lakini alisema haivutii.

Kitu kingine kidogo tu. Piano yangu niliirekodi upya studioni kwake, tarehe tatu Januari, kabla shule kufungua. Piano hiyo, Peris! Unagusa tu inajibu, haingoji uisihi. Nilicheza nikasahau kula.

Hayo mengine tutaongea likizo. Na usimwambie Madam Kinya hiyo ya piano kwanza, nitamwambia mwenyewe.

Wako,
Wamucii


Bula Pesa
16 Februari 2025

Wamucii,

Ni nani huyo?

Naanza na swali kwa sababu nikianza na salamu nitakuwa mnafiki, na unafiki wiki hii nimeufanya wa kutosha.

Ijumaa Madam Kinya alikuja darasani na spika yake ndogo na simu, amefurahi hadi amesahau kuandika tarehe ubaoni. Albamu imetoka. Kwenye simu kuna picha yangu na shanga hadi kidevuni, na chini yake: Peris Apua, fidla. Wamucii Gikonyo, piano. Akaiweka. Darasa lote likanyamaza, hata kina Shamis kule nyuma ambao huwa hawanyamazi. Ikaisha, wakapiga makofi na madawati. Shamis akasema, "Wewe! Kumbe huko ndani kuna mtu!"

Nikasema asante.

Nilikuwa tayari nimejua. Nilijua tangu fidla ilipoingia, lakini mdomo wangu ulisema asante, halafu nikaambiwa hongera na mwalimu wa hesabu nikasema asante, na mama mboga aliyeambiwa na mama yangu, asante, na pasta, asante. Nimekubali sifa za kazi ambayo sikuifanya mara nyingi kiasi kwamba sasa naona kama niliiiba mimi.

Nyumbani nilitoa fidla nicheze pamoja nayo, kuhakikisha. Nyuzi zangu ziko chini, za kanisa. Ile ya kwenye simu iko juu. Sawa, nikajiambia, labda wana mashine ya kupandisha. Nikazikaza zangu. Nikaisikiliza sehemu ya pili, ile ya polepole. Wamucii, kidole changu cha mwisho unakijua. Kilivunjwa na jerikeni nikiwa darasa la tatu, hakinyooki. Ile noti ya juu kabisa naipanda kwa kidole cha tatu, nikitelezesha, na mtelezo unasikika. Nilikuwa nauonea aibu, wewe ndiye uliyeniambia, "Uache hapo hapo, hapo ndipo panapouma." Huyu hatelezi. Anaweka kidole cha mwisho, pu, safi kama sahani.

Na mabati? Tulirekodi saa nane mchana, Isiolo, mwezi wa Desemba. Mabati yalikuwa yakilia kwa jua kila dakika hadi Lowoi akatukana kanisani. Kwenye rekodi hakuna bati lililolia. Hata moja!

Sijamwambia mtu. Hata mama. Ana furaha, anapita akinionyesha kwenye simu kwa watu waliokuja duka la mtaani kununua sukari yao tu.

Kwa hivyo niambie. Ni nani huyo anayejiita mimi?

Peris


Nairobi
23 Februari 2025

Peris,

Nilijua utajua. Nilijidanganya tu.

Nitakuambia jinsi ilivyokuwa, na tafadhali usome hadi mwisho kabla ya kurarua.

Tuliingia studioni na baba, mimi nimevaa viatu vya Jumapili. Bwana Mathenge akasikiliza dakika mbili za rekodi ya Lowoi, akacheka. Si kwa ubaya, alicheka tu. "Piano hii mmeitoa wapi, makumbusho?" Baba naye akacheka. Mimi nikacheka, Peris. Nikaicheka piano yetu. Halafu akaniketisha kwenye yake, akanivalisha spika za masikioni, akasema nicheze upya kwa kufuata fidla yako. Baada ya siku moja nikamaliza. Akaziweka pamoja, zangu mpya na zako. Zikagombana vibaya. Wewe uko chini, mimi niko juu, ni kama watu wawili wanaopita kwenye mlango mmoja.

Akasema, "Huyu wa fidla hana masikio. Yuko chini mwanzo mpaka mwisho."

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu: alilegeza nyuzi zake kufuata piano ya kanisa. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikanyamaza. Nilihisi nikisema hivyo atasema basi, nendeni nyumbani mkatafute piano nyingine mje wote wawili. Na mimi mikono yangu ilikuwa tayari imeonja ile. Sikutaka kurudi kwenye ile yenye noti mbili zisizoinuka. Hiyo ndiyo kweli, nimeiandika.

Akaita msichana mwingine, anajua kusoma noti haraka, akapiga kila kitu mchana mmoja.

Lakini sikia hili pia. Alitaka kukutoa kabisa, picha, jina, yote. Nilikataa. Nilibishana naye nikalia mbele ya baba. Nikasema bila Peris hakuna albamu, jina la Peris litakaa. Akafikiri, akasema sawa, hata hadithi yenyewe ni ya msichana wa Isiolo. Nililipigania jina lako, Peris. Nilidhani angalau nimekuokoa.

Nisamehe.

Wamucii


Bula Pesa
Jumatatu, 3 Machi 2025

Wamucii,

Nilikungoja wikendi yote ya nusu muhula. Nilipita dukani mara tatu, nikanunua misumari ambayo hatuhitaji. Mara ya tatu baba yako akasema umeenda kwa shangazi yako, halafu akaanza kupanga makufuli. Baba yako hajui kudanganya. Sijui wewe umejifunzia wapi.

Ulilipigania jina langu! Jina langu lilikuwa limefanya nini? Lilikuwa limekesha na noti? Lilikuwa limeota sugu? Kazi niliifanya kwa mikono. Umeitupa mikono ukabaki na jina, ukaliweka juu ya mtu mwingine kama kifuniko kisicho cha sufuria ile, halafu unataka nikushukuru. Ungenitoa. Wamucii, ungenitoa tu. Ningelia siku mbili nikarudi kuchota maji. Mtu aliyetolewa bado ni yeye. Mimi sasa kila anayenisifu ananifuta.

Na hiyo ya masikio. Sikuweza kuvumilia, nikamwendea Madam Kinya nikamwambia yote. Nilikuwa nimeinamia sakafu nikidhani atasema tunyamaze. Alisimama hadi kiti kikaanguka. "Hana masikio? Mtoto amekaa nusu toni chini kwa dakika ishirini na tano, sawasawa, hajayumba hata unywele, na mtu anayeitwa prodyusa anasema hana masikio? Asiye na masikio huwa chini hapa, juu pale! Huyo ndiye aliyepaswa kujiuliza!" Aliniuliza kwa nini wewe hukumwambia. Nikasema sijui. Umeona? Nakufichia bado. Nina hasira nawe na bado nakufichia.

Sasa kuna jipya. Bwana Mathenge anakuja huku Jumamosi tarehe kumi na tano kuizindua albamu, ukumbini kwetu. Alimpigia mama. Mama akaweka simu kwenye spika kwa fahari, nami nikasikia kila kitu. Alisema, "Asiwe na hofu, mama. Najua ni mwenye haya. Ashike tu fidla, apeleke upinde mbele na nyuma, muziki utatoka kwenye spika. Na avae zile shanga." Mama akasema, "Asante sana, Mungu akubariki." Ameshaita watu. Ata yangu anakuja kutoka Leparua, nyanya mzima na magoti yake, kuja kuona mjukuu akisugua hewa.

Nakuomba jambo moja, na ni la mwisho. Mwandikie Bwana Mathenge ile sentensi moja. Ile uliyokuwa nayo mdomoni. Uiandike kabla ya tarehe kumi na tano, wewe, si mimi. Mimi nikisema ataona ni mtu asiye na masikio anajitetea.

Peris


Nairobi
9 Machi 2025

Peris,

Sijaandika. Nimekaa na karatasi siku nne.

Nikiandika ataifuta albamu yote na wale vijana wengine wataumia, na mwalimu wangu wa muziki hapa, ambaye alinichukua kwa sababu ya rekodi hiyo, ataniuliza mbele ya watu. Shule imekataa kuniachilia nije, kwa hivyo hata mimi nitakuwa nimetoka kwenye spika, kama wewe. Tutakuwa sawa.

Ni sehemu moja tu wataweka, dakika saba. Simama, funga macho, watu watadhani umezama. Hakuna atakayejua. Likizo ya Aprili nitakuja tuirekodi upya yote, mimi na wewe, popote utakapo.

Dakika saba, Peris. Tafadhali.

W.


Bula Pesa
16 Machi 2025

Wamucii,

Nakuandikia ili usisikie kwa baba yako, maana yeye ataipunguza.

Ukumbi ulijaa. Ni Ramadhani lakini hata waliofunga walikuja, Shamis na dada zake walikaa mbele kabisa wakijipepea na programu. Bwana Mathenge alileta spika mbili nyeusi ndefu kama mimi, na bango. Kwenye bango uso wangu ni mkubwa kuliko mlango wa ukumbi. Nilikaa chini yake nimevaa shanga za mama mdogo, shingo haigeuki.

Akahutubia. Alisema mimi ni binti wa jangwa ambaye muziki ulimfikia ukipeperushwa na upepo, ambaye hakuwahi hata kuota piano. Wamucii! Mimi nakaa nyuma ya kituo cha petroli! Piano naiona tangu darasa la sita, nimefutia vumbi! Nilimtazama Madam Kinya, alikuwa anatafuna kalamu. Na mimi bado, nakuungamia, bado nilikuwa nimeamua kufanya kama ulivyosema. Dakika saba, nifunge macho. Sikuwa na ujasiri wowote. Usifikiri nilikuja na mpango.

Nikasimama. Lowoi, waliyemwomba ashughulikie mitambo, akabonyeza. Piano yako ikaanza. Ni nzuri, nakubali. Nikahesabu zile pau nne za noti za kungojea, na mkono wangu haukupanda. Niliuambia upande. Fidla nilikuwa nimeishika shingo, inaning'inia kando ya mguu kama kuku wa sokoni, upinde uko juu ya kiti. Na fidla ikaanza kuimba. Kwenye spika. Ukumbi mzima ikaimba, na mimi nimesimama nayo mkononi, kimya.

Mwanzoni watu hawakuelewa. Nilimsikia mama mmoja akisema, "Mwambieni aanze."

"Si ameanza? Husikii?"

"Ameanzaje na mikono iko chini?"

Bwana Mathenge, kando ya jukwaa, akawa ananionyesha kwa mkono, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama anayepiga pasi. Shamis akaita, "Peris, hiyo inajipiga yenyewe?" Watu wakacheka. Ata yangu akauliza kwa Kiturkana, na unajua sauti ya Ata ni ya kuitia ng'ombe, "Ni nani huyo anayecheza? Mbona simwoni?" Mama akamshika goti.

Lowoi ndiye aliyeizima. Aliinamisha sikio kwenye spika, akakunja uso, akavuta waya. "Hii sikuirekodi mimi," akasema. Hakunitetea, alikuwa anatetea kazi yake tu. Lakini watu wote wakanigeukia, na hakuna godoro la kujificha nyuma yake.

Nikasema, "Huyu si mimi."

Wa nyuma wakauliza, "Amesema nini?" Ikabidi niseme tena. Mara ya pili ilitoka kubwa.

Ata akasema, "Basi ni nani?"

Nikasema, "Sijui jina lake."

Hapo ndipo nilipojisikia vibaya kweli, kuliko kote. Mwezi mzima nimekasirika kwamba jina langu limewekwa mahali ambapo sipo, na sijawahi hata mara moja kuuliza jina la yule aliyekuwepo. Niliuliza ni nani anayejiita mimi. Yeye hakujiita. Wewe uliandika "msichana mwingine", na mimi nikakubali, nikaendelea na hasira zangu.

Bwana Mathenge akachukua maikrofoni, "Ana hofu ya jukwaa, tumpigie makofi." Mtu mmoja tu alipiga, akaacha. Madam Kinya akasimama akaanza kumweleza ile habari ya nusu toni, kwa sauti ya darasani, hatua kwa hatua, mpaka Bwana Mathenge akaketi. Sikusikia mwisho. Mama alikuwa amenishika kiwiko tuko nje.

Nikadhani atanipiga. Akaanza kunivua shanga, kamba moja moja, polepole.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, mama."

"Nani alikuambia furaha yangu inalishwa uongo?" Halafu akasema, "Hizi ni za dada yangu. Si za bango." Akazifunga kwenye leso. Sijui bado kama amenisamehe kwa kumwaibisha mbele ya watu aliowaalika kwa mdomo wake.

Nimemwandikia Bwana Mathenge aondoe jina langu na picha yangu. Madam amesahihisha herufi kubwa tu, maneno ni yangu.

Kwako sina ombi la sentensi tena. Uandike usiandike, ni yako. Nataka jina. Msichana aliyepiga fidla anaitwa nani?

Peris


Nairobi
23 Machi 2025

Peris,

Anaitwa Kajuju. Ni wa Meru, yuko chuo hapa Nairobi mwaka wa kwanza. Anwani yake nimeiomba studioni, iko nyuma ya karatasi hii. Aliambiwa umevunjika mkono, asaidie kumaliza kazi ya mgonjwa. Alikubali mara moja. Aliniuliza mkono wako uliumia wapi nami nikasema "wa kushoto". Nilisema hivyo, Peris. Haraka, bila kufikiri, kama mtu anayejibu ni saa ngapi.

Niliiandika ile sentensi. Ilitoka Jumatatu. Imechelewa, najua. Jana Bwana Mathenge alimpigia mwalimu wangu. Wimbo wetu wameuondoa, zile za wale wengine zimebaki, kwa hivyo hata hilo nililokuambia halikuwa kweli. Mwalimu aliniuliza mbele ya watu, kama nilivyoogopa. Nilijibu. Bado niko hai, lakini hakuna anayekaa nami mezani.

Sikuulizi kuhusu Aprili.

Wamucii


Bula Pesa, Isiolo
30 Machi 2025

Dada Kajuju,

Hunijui, lakini mimi nimepokea makofi yako kwa mwezi mzima, kwa hivyo nimeona nikuandikie.

Kwanza, mkono wangu haukuvunjika, si wa kushoto wala wa kulia. Ulidanganywa. Nilikuwa mzima, na kazi uliyoimaliza nilikuwa nimeimaliza. Walisema niko chini. Nilikuwa chini kwa sababu piano yetu iko chini, na mimi humfuata ninayecheza naye. Ulikubali kumsaidia mtu usiyemjua, na hilo silisahau, hata kama mtu mwenyewe hakuhitaji.

Pili, ninayo yaliyo yako. Mwalimu mkuu alisema gwarideni kwamba umeipa shule heshima. Askari wa kizuizi cha barabara ya Merti alimwambia dereva azime gari akusikilize hadi mwisho. Mama mmoja sokoni alinipa papai kubwa kwa ajili yako. Papai siwezi kukutumia, tulilila kabla sijapata ujasiri. Hayo mengine ndiyo haya, nimeyaandika kama yalivyosemwa.

Nimekusikiliza mara kumi na moja, mwanzoni kwa hasira. Mwisho wa sehemu ya kwanza una haraka, unaingia kabla piano haijavuta pumzi. Labda ulitaka kwenda nyumbani, walikupa mchana mmoja tu. Lakini ile noti ya juu kwenye sehemu ya polepole unaipiga vizuri kuliko mimi. Inaniuma kuandika hivyo. Nimeifuta mara mbili nikairudisha.

Wimbo wameuondoa. Jina langu nimelidai mwenyewe litoke, limetoka. Lako sikuwaambia waliweke, wala sikuwaambia wasiliweke. Nimesemewa na watu wa kutosha mwaka huu, sitaki kukufanyia hivyo. Ukitaka kudai, dai, na ukinihitaji nishuhudie nitakuja. Mimi huogopa watu, lakini siku hizi naweza kusema sentensi mbili.

Naitwa Peris Apua. Mimi hupiga fidla. Bado hujanisikia.